Namba 42 Alikuwa Benchi

Sura ya Tisa

Kocha Gantz aliingia ofisini bila kugonga, akakanyaga zulia kwa viatu vilivyojaa theluji, akatandaza karatasi tatu mezani mithili ya mcheza karata aliyekwisha kushinda.

"Merle, sikia. Mimi si mtu wa makelele."

Merle Tjaden aliisogeza kalamu yake isilowe. Alikuwa naibu mkuu wa Ligi ya Vyuo vya Bonde, vyuo vinane vidogo vya Iowa vinavyocheza mpira wa kikapu kana kwamba dunia nzima inatazama. Ofisi ya ligi ilikuwa vyumba viwili juu ya kliniki ya meno, na katika miaka sita aliyokaa humo hakukumbuka hata siku moja Kocha Gantz wa Chuo cha Mercer Hill alipopita hapo bila wagonjwa wa chini kumsikia. Kabla ya ofisi hiyo Merle alikuwa askari wa wilaya, kitengo cha nguruwe walioibwa, na watu hawakuacha kumtania kwa hilo.

"Keti, kocha."

"Siketi. Moja." Gantz aliipiga karatasi ya kwanza kwa kidole. "Jumanne, Brandvold wametufunga kwa pointi moja. Aliyetufunga ni namba 24 wao, Tavion Mabry. Kitabu chetu cha alama kinasema huyo bwana alikuwa na madhambi matano. Matano, Merle! Kwa faulo tano mtu anatolewa; alitakiwa awe amekaa anakunywa maji. Kitabu chao kinasema manne."

"Kitabu chenu alikiandika nani?"

Gantz alikohoa. "Orval."

"Dereva wa basi."

"Orval anajua kuhesabu mpaka tano, sivyo? Mbili: dhambi la tano, zikiwa zimebaki dakika sita, yule bibi mwandishi wao amemwandikia namba 42. Namba 42 alikuwa benchi! Tazama kanda, kamera imepita pale, kijana amejifunika taulo kichwani. Hivi mtu wa benchi anamgongaje mchezaji wangu? Kwa maombi?"

"Na tatu?"

"Kitabu kina mahali pamefutwa. Nimepaona kwa macho yangu baada ya mechi. Na kuna la nne, sikuliandika kwa sababu nina adabu. Huyo Tavion anakula kwa yule bibi kila Jumapili. Nenda kaulize mji mzima."

Merle hakuhitaji kwenda kuuliza. Vijana waliotoka mbali waligawiwa familia za mjini ili wasife kwa upweke na baridi, na Tavion, kijana wa Memphis, aliangukia kwa Arlys Venhuizen, mjane wa miaka sabini na mmoja. Bi Arlys ndiye aliyekuwa mwandishi wa meza wa Brandvold kwa miaka thelathini na tisa.

Gantz alipoondoka, Merle alifungua kitabu cha kanuni, ingawa aliijua Kanuni ya Sita kwa moyo. Kitabu cha mwenyeji ndicho kitabu, na refa akishakisaini, matokeo hayaguswi. Lakini kanuni hiyo ina mkia: ikithibitika kwamba mwandishi amedanganya kwa makusudi, mechi inafutwa, na mwandishi haketi tena kwenye meza yoyote ya ligi. Leo ilikuwa Alhamisi. Ripoti ilitakiwa Ijumaa saa sita mchana, fainali ilikuwa Jumamosi, na jina la Bi Arlys lilikwisha kuchapwa kwenye ratiba kama mwandishi wa fainali. Merle alivaa koti huku moyo ukiwa mzito. Alimpenda yule mama, kama walivyompenda wote waliowahi kucheza mbele ya meza yake.

*

Alimkuta kwenye ukumbi wa Brandvold, peke yake, ameketi mezani kwake pembeni mwa uwanja mtupu. Kitabu kilikuwa mbele yake, na penseli tatu zilizochongwa zimepangwa sambamba.

"Nilijua utakuja," alisema. "Merle Tjaden. Ulicheza hapa mara nne ukiwa na jezi ya Chuo cha Tolliver. Faulo kumi na saba, na kumi na moja kati ya hizo za kijinga."

"Bado unazikumbuka?"

"Za kijinga huwa zinakaa. Keti, mdogo wangu. Uliza unachotaka kuuliza."

Merle aliketi kwenye kiti cha mtunza saa. "Zimebaki dakika sita na sekunde kumi na mbili. Faulo. Umemwandikia namba 42, Colby Roelfs. Ulimwona akimgonga mtu?"

"Sikumwona mtu akimgonga mtu. Kanuni ya Tisa. Mwandishi anaandika anachoonyeshwa na refa, si anachokiona yeye. Mimi nasoma mikono. Nikianza kuandika macho yangu, kila kocha ataniletea macho yake."

"Refa alionyesha 42?"

"Mkono wa kwanza nne, wa pili mbili. Nimeandika arobaini na mbili."

Merle alikubali kwa kichwa. Refa akishapuliza kipenga huisogelea meza, husimama uso kwa uso na mwandishi, na kunyanyua mikono miwili. Mkono wake wa kulia huonyesha tarakimu ya kwanza, wa kushoto ya pili, ili meza isome kutoka kushoto kwenda kulia kama isomavyo maandishi. Ndiyo maana miaka ile hakuna jezi iliyokuwa na tarakimu iliyozidi tano. Mkono una vidole vitano, na ligi nzima ilijengwa juu ya vidole hivyo.

"Hakusema namba kwa mdomo?"

"Midomo yao huchezacheza. Ulikuwepo ukumbi huu umejaa, dakika sita zimebaki? Hata radi husikii."

"Sawa. Lakini Kanuni ya Tisa ina nusu ya pili, Bi Arlys. Ukionyeshwa namba ya mtu asiye uwanjani, unapiga honi na kuuliza. Colby alikuwa benchi. Kwa nini hukupiga honi?"

Bi Arlys aliigeuza penseli moja, akairudisha ilipokuwa.

"Sikujua kwamba yuko benchi."

"Wewe? Usijue?"

"Andika hivyo. Sikujua."

Merle aliandika. Alikwisha kuwahoji wezi wa nguruwe mia na ushee, na alijua sura ya mtu anayesema kweli huku akiwa na jambo jingine amelikalia. Hakulisukuma. Aliomba kitabu.

Ukurasa wa Jumanne ulikuwa msafi kama sahani za jikoni kwake. Kila mchezaji na mstari wake, kila dhambi na alama yake. Lakini Bi Arlys alikuwa na mtindo ambao Merle hakuuona kwa mwandishi mwingine yeyote: pembeni kabisa mwa ukurasa aliandika kwanza saa na namba, kama mikono ilivyoonyesha, na herufi ya kwanza ya jina la refa. Ndipo alipohamishia kwenye mstari wa mchezaji. Hapo pembeni, kipindi cha kwanza, palikuwa pamefutwa.

Merle alikiinua kitabu, akakiinamisha kuelekea dirishani. Mwanga wa theluji uliingia kwa ubavu na kuamsha mikwaruzo ya penseli iliyofutwa. Juu iliandikwa 14. Chini yake, hafifu, palikuwa na 41.

"Hii ni nini?"

"Hiyo? Refa alinionyesha 41, na Mercer Hill hawana 41. Nikapiga honi, nikamwita, nikamuuliza. Akasema kumi na nne. Nikarekebisha. Ndiyo kazi."

"Gantz anasema umefuta faulo ya Tavion."

"Gantz!" Kwa mara ya kwanza mama yule alicheka. "Nilifuta namba ya mtu wake mwenyewe, dakika ya nane. Mwambie akae chini avae miwani."

Merle hakucheka. Alikuwa akitazama herufi zilizoandikwa pembeni. Penye 14 iliyokuwa 41 palikuwa na herufi D. Penye 42 ya dakika za mwisho palikuwa na D vilevile. Alirudi juu akapitia madhambi manne ya Tavion, yote yaliyoandikwa 24 bila tatizo. Hapakuwa na D hata moja. Yalitoka kwa marefa wengine wawili wa mechi ile.

"D ni Dwight Nissen?"

"Hakuna D mwingine."

"Ana miaka mingapi kwenye ligi?"

"Ishirini na minane. Anaonyesha namba vizuri kuliko wote, mikono yake ni mikubwa kama majembe." Bi Arlys aliweka kidole kwenye D ya pili. Alitazama ukurasa, kisha akamtazama Merle. Alikuwa mwepesi wa kuelewa yule mama, na Merle aliona kwamba amekwisha kufika alipofika yeye.

"Nenda kwa Dwight," alisema polepole. "Mkute kabla hajawalisha nguruwe wake, akishaanza haongei."

*

Dwight Nissen alikuwa zizini, ndoo mkono wa kulia, mkono wa kushoto umezama mfukoni mwa ovaroli. Aliposikia gari hakutoa mkono ule kumpungia mgeni. Aliweka ndoo chini kwanza, akapunga wa kulia.

"Merle! Nguruwe wangu wote wapo, nimewahesabu asubuhi. Umepotea njia?"

"Nimekuja kutazama kazi yako."

"Kazi gani? Nimeosha filimbi yangu kwa ajili ya Jumamosi. Fainali, bwana! Miaka ishirini na minane nimepuliza kila mechi ya ligi hii isipokuwa hiyo. Mke wangu amepiga simu mpaka kwa dada yake Omaha."

Merle aliegemea lango la chuma. Hili lilikuwa jambo asilolipenda, kwa hiyo alilifanya haraka.

"Nionyeshe kumi na mbili, Dwight."

"Nini?"

"Mimi ni meza. Mchezaji namba 12 amefanya faulo. Nionyeshe."

Dwight alicheka, akatoa mkono wa kushoto mfukoni. Ulikuwa ndani ya glavu nene ya sufu. Akanyanyua kidole kimoja kulia, viwili kushoto. Kumi na mbili.

"Vizuri. Sasa thelathini na mbili."

Vitatu, viwili. Safi.

"Ishirini na nne."

Mikono ilianza kupanda, ikasita katikati. Kisha ikapanda kwa kasi: vinne mkono wa kulia, viwili mkono wa kushoto. Kwa Merle aliyesimama mbele yake, ile ilikuwa arobaini na mbili iliyo wazi kabisa. Dwight mwenyewe hakuiona. Kwake yeye vidole vilikuwa viwili na vinne, na jumla yake ilimtosha.

"Vua glavu, Dwight."

"Kuna baridi, Merle."

"Najua kuna baridi. Ivue tu."

Kidole cha pete na kidole kidogo vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kibao, vimevimba, na rangi yake ilikuwa ya zambarau kuukuu. Nguruwe mmoja alikuja akanusa viatu vya Merle, akaondoka.

"Lini?"

"Ijumaa iliyopita. Lango hilohilo uliloliegemea. Nilidhani ni jeraha la kawaida tu." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilifunga plasta ya rangi ya ngozi, hakuna aliyeona. Nne na tano haziwezi kutoka mkono huu, kwa hiyo nikawa nazitoa mkono wa pili. Mbona meza ilielewa? Ile kumi na nne Arlys aliniuliza nikamjibu, tukaendelea."

"Alikuuliza kwa sababu Mercer Hill hawana 41. Lakini Brandvold wana 24 na wana 42."

Dwight alinyanyua mikono yote miwili. Alitazama mkono wake wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akaibadilisha mahali polepole hewani, kama mtu anayejaribu viatu. Uso ulimsawijika.

"Nilimwita Tavion," alisema. "Ilikuwa faulo ya Tavion. Ya tano."

"Ndiyo."

"Na nikasaini kitabu."

"Ukasaini kitabu. Matokeo hayaguswi. Lakini sasa hivi kuna kocha anataka Arlys Venhuizen afukuzwe kwenye meza kwa udanganyifu."

"Arlys? Mungu wangu. Andika, Merle. Andika ni mimi. Andika mkono, lango, kila kitu." Alivuta kamasi kwa baridi, au pengine haikuwa baridi. "Na fainali?"

Merle angetoa kitu kikubwa asiulizwe swali lile. "Refa aliyeumia anatangaza kabla ya mechi. Ni kanuni. Jumamosi atapuliza wa akiba."

Dwight alikubali kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akaokota ndoo yake, akaenda kuwalisha nguruwe, na hawakuongea tena.

*

Ijumaa saa nne asubuhi Merle alikuwa jikoni kwa Bi Arlys na ripoti mkononi. Hakukuwa na sheria ya kumletea. Alitaka tu awe wa kwanza kuisikia. Mama yule alimwekea bakuli la chili, maharage yenye nyama na pilipili, na pembeni mkate mtamu wa mdalasini, maana katika nyumba za pande zile kimoja hakiji mezani bila mwenzake.

"Soma huku unakula," alisema. "Mimi sina subira."

Merle alisoma. Refa Nissen aliumia mkono na hakutangaza. Alibadilisha mikono, na meza ikasoma 42 badala ya 24. Mwandishi aliandika alichoonyeshwa, kwa mujibu wa Kanuni ya Tisa. Palipofutwa ni marekebisho halali. Hakuna udanganyifu. Matokeo yanabaki, mwandishi anabaki.

"Nimempigia Gantz tayari," aliongeza. "Amesema Orval apewe nishani kwa kuhesabu mpaka tano, na wewe upewe ua. Kwake hayo ni mahaba."

Bi Arlys hakutabasamu. Alikaa kiti cha mbele yake, mikono juu ya meza.

"Hujaandika kwa nini sikupiga honi."

"Ulisema hukujua Colby yuko benchi. Inatosha."

"Haikutoshi wewe. Nilikuona jana. Uliiandika na hukuiamini."

"Niliiamini. Ila nilishangaa." Merle aliweka kijiko chini. "Bi Arlys, usitafute shida. Imekwisha."

"Miaka thelathini na tisa," alisema mama yule, "kila filimbi ikilia najua kumi wote walio uwanjani. Nikifumba macho nawataja. Jumanne, filimbi ilipolia, Tavion alikuwa chini. Walipogongana na yule kijana wa Mercer, alianguka vibaya, akashika goti, hakuinuka. Na mimi nikamtazama. Sikuangalia nani yupo, nani hayupo. Nilikuwa nasema moyoni, inuka, baba, inuka. Dwight alikuja, nikaona mikono yake kwa pembe ya jicho, nikaandika. Kama wangenionyesha hamsini na tano ningeandika hamsini na tano."

"Hujadanganya."

"Sikusema nimedanganya. Ile ya Mercer Hill niliuliza, Merle. Hii ya kwetu sikuuliza. Pale mezani hatushangilii, hatuchukii, hatupigi hata kofi. Ndiyo maana wageni wanatuamini. Na mimi yule mtoto nampenda. Anakuja hapa anakula sufuria nzima, ananiambia chili ya mama yake ni bora kuliko yangu, na mimi nacheka. Siwezi kumsoma kama namba tena."

"Hakuna kanuni inayokataza kupenda mtu."

"Haipo kwa sababu walioziandika hawakudhani kuna mtu atahitaji kuambiwa. Lete kalamu."

"Bi Arlys, kiti ni chako. Nimepita kila mahali mpaka zizini ili kibaki chako."

"Najua, mdogo wangu. Na sasa kwa kuwa ni changu, naweza kukitoa. Asingekuja mtu kunisafisha ningelazimika kukifia. Lete kalamu."

Merle alimpa. Bi Arlys aliivuta ripoti kwake, na chini ya mstari wa mwisho, kwa mwandiko uleule wa kitabuni, akaandika: *Sikupiga honi kwa sababu nilikuwa namtazama namba 24. Naomba kiti changu apewe mwingine kuanzia fainali.* Akatia saini, akatazama saa ya ukutani, akaandika na saa.

"Fainali tutamweka nani?" aliuliza Merle.

"Lorna wa maktaba. Nimemfundisha miaka minne, na hampendi mtu yeyote." Alisukuma karatasi, akainuka, akamwongezea chakula bila kumuuliza. Alipogeuka kutoka kwenye jiko uso wake ulikuwa umebadilika, mashavu yana rangi, macho yanawaka kama ya msichana anayeponyoka shuleni.

"Na wewe unitafutie kiti cha Jumamosi. Si huko juu kwa wazee. Nataka nyuma ya benchi letu, chini kabisa, karibu na mstari. Miaka thelathini na tisa nimekaa hatua mbili kutoka kwa marefa, mdomo nimeufunga."

"Unataka kumtazama Tavion kwa raha zako."

"Huyo nitamtazama," alisema Bi Arlys. "Lakini marefa, Merle, nina mambo mengi ya kuwaambia."